Nani Bado Hajarudi

Mama alipofariki, vitu vyake vyote vilipata wenyewe kabla matanga hayajaanuliwa. Vitenge waligawana kina shangazi, jembe likabaki kwa Tata, yaani baba yetu, rozari alizikwa nayo. Kitu pekee ambacho hakuna aliyekigombea ni kitabu cha picha chenye kurasa saba, kona moja imetafunwa na ukurasa wa ng'ombe una doa la uji. Hicho nilikirithi mimi. Pamoja nacho nikamrithi mdogo wangu wa kike wa miaka minne, ambaye hakuweza kulala bila kitabu hicho na, kama nilivyogundua siku ya kwanza tu, hakuweza kulala nacho pia.

Niseme mapema kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho kupewa kazi kama hii. Shuleni, hapa Kamachumu ninaposoma kidato cha tatu, jina langu linaonekana zaidi kwenye daftari la makosa kuliko kwenye daftari la mahudhurio. Naweza kuiga sauti ya mkuu wa shule mpaka mwalimu wa zamu akachomekea shati. Kwenye mazishi ya Mama mwenyewe, mjomba aliposoma wasifu na kusema marehemu alikuwa mcheshi, nilicheka. Watu walidhani nalia, wakanipa kitenge nijifute. Mama hakuwa mcheshi. Mcheshi ni mimi. Mama alikuwa mtu wa kukutazama kimya mpaka ukaanza kuyapitia upya yote uliyoyasema tangu asubuhi.

Alizikwa kwao Kagoma, si kwetu. Sisi Wahaya mtu huzikwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, na mke huzikwa kwenye kibanja cha mumewe. Lakini Tata na Mama walikaa pamoja miaka kumi na minane bila ukoo wa Tata kupanda hata siku moja kwenda kwa wakwe na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kukaa chini, kuomba mke kwa heshima. Kila mwaka ilikuwa mwakani, kahawa ikishavunwa. Mama alipofia hospitali, kaka zake walifika na gari kabla yetu. Walimsalimia Tata kwa adabu zote, kisha wakamchukua dada yao. Tata alisimama pale koridoni ameshika fremu ya mlango kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Kwa hiyo tulikaa matanga mara mbili, Kagoma penye kaburi, halafu nyumbani kwetu pasipo na kaburi, na majirani waliokuja kutupa pole walikuwa hawajui waangalie upande gani wa shamba.

Mdogo wangu hakupelekwa Kagoma. Kina shangazi waliona si vizuri mtoto wa umri ule aone jeneza, akaachwa kwa jirani na kikombe cha uji. Alichokiona yeye ni kimoja tu: Mama anapanda gari kwenda hospitali siku ya Jumatatu, amejifunga kanga ya kijani, anampungia mkono. Hadithi yake iliishia hapo. Sisi wengine tulijua mwisho, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye aliyemwambia.

Kitabu chenyewe kilitoka Bukoba mjini, mtaa wa Miembeni. Kabla hajakutana na Tata, Mama alikuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa. Baadaye nyumba ile ilipukutika kama nyumba nyingi za namna hiyo mjini: watoto wakahamia Dar es Salaam, wajukuu wakaenda Kanada, akabaki bibi mmoja ghorofani, na chini nusu ya duka akampangisha fundi simu. Mdogo wangu alipozaliwa, Mama alikwenda kumsalimia bibi yule na akarudi na mfuko wa nguo za watoto, na ndani yake kitabu. Mimi sikuwahi kuwa na kitabu cha kulalia. Mimi nililazwa kwa neno moja, lala, na lilitosha.

Kimeandikwa kwa Kiurdu, maandishi ya kujipinda yenye nukta juu na chini. Hakuna mtu Kamachumu nzima anayeweza kuyasoma. Mama alikuwa anaangalia picha na kusema ya kwake kwa Kihaya: watoto wawili wenye mabegi kwenye geti la shule, baba juu ya baiskeli, ng'ombe na ndoo, kuku na vifaranga mlangoni mwa banda, bibi anapuliza taa, mtoto kitandani anapiga miayo, na mwisho jua nusu, limekaa katikati ya vilima viwili.

Nikiwa kidato cha kwanza nilikaa dawati moja na msichana aliyekuwa anasoma madrasa. Siku moja nilikipeleka kitabu shuleni kwa ajili ya kuringa tu. Akakigeuza, akacheka, akaniambia maandishi haya huanzia kulia, kwa hiyo ukurasa ambao Mama anauita wa kwanza ndio wa mwisho. Mtu mwenye akili angelimeza hilo. Mimi nililitunza mpaka Jumapili, shangazi wawili na katekista wapo sebuleni wanakula, Mama yupo kwenye kona amempakata mtoto anamsomea. Nikasimama katikati, nikakunja mikono tumboni kama katekista, na kwa sauti ya katekista mwenyewe nikatangaza: "Waumini wapendwa, mama huyu anawasomea somo la leo kuanzia Amina."

Nikaeleza. Walicheka mpaka katekista akapaliwa na ndizi. Tata naye alicheka. Mama alicheka kidogo, akafunga kitabu, akaenda kuongeza mchuzi.

Kuanzia jioni ile alimlaza mtoto chumbani kwake, mlango umefungwa, kwa kunong'ona. Nyumba yetu haina dari. Ukipiga chafya chumba kimoja, unaambiwa pole chumba cha tatu. Lakini Mama aliweza kunong'ona mpaka yanakufikia yale mapumziko tu, yale ya kati ya neno na neno. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Sikuwahi kumwomba anisamehe kwa sababu sikujua kama kuna kosa. Nilidhani amehamia chumbani kwa ajili ya baridi.

Basi, jioni ya kwanza baada ya wageni kuondoka, nilikaa kitandani na mdogo wangu nikafungua kitabu. Nikamsomea vizuri tu: hawa ni watoto, huyu ni baba, huyu ni ng'ombe. Akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Sivyo, Dada."

Nikajaribu kwa Kihaya. Sivyo. Nikajaribu kwa kunong'ona. Sivyo. Siku zilizofuata nikaingia kwenye fani yangu. Ng'ombe akawa mwalimu wa nidhamu, ndoo ikawa ya wachelewaji. Kuku akawa mama wa kwaya anayewagombeza vifaranga wa sauti ya tatu. Baba wa baiskeli akawa mgombea anayeahidi barabara. Nilikuwa mzuri kweli, na nasema hivi nikiwa najua kujipima. Alicheka kwenye kuku. Halafu akajifuta mdomo kwa mkono, akanitazama jinsi Mama alivyokuwa ananitazama. "Sivyo."

Nilimuuliza mdogo wangu, Mama alikuwa anasemaje? Akakaa wima kitandani, uso umeelekea mlangoni. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, maana kulia kuna dawa nyingi. Alikaa tu, macho makavu, mpaka alfajiri alipozima ghafla kama tochi iliyoishiwa betri. Asubuhi alisinzia kwenye uji. Baada ya wiki mbili mbavu zilianza kuonekana. Siku moja alilala amesimama, akaanguka kwenye ngazi ya jikoni na kupasuka kidevu. Zahanati walimshona nyuzi tatu na kutuuliza kama tunamlisha.

Habari za kidevu zilifika Kagoma, na mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, akaja. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, akamwambia Tata kwamba nyumbani kwao kuna bibi, kuna wanawake watatu na watoto wenzake wa kulala nao. Tata alimwacha amalize, kisha akasema, "Mmoja mlishachukua."

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi," mama mdogo alijibu. "Mtoto ananyauka."

Walikubaliana, kama unaweza kuita kukubaliana watu wawili kutazama pande mbili tofauti. Ilikuwa mwanzo wa likizo. Shule zikifunguliwa na mtoto bado halali, mama mdogo atarudi kumchukua. Akianza kulala, atabaki.

Nilitaka abaki. Niliwaambia marafiki ni kwa sababu yeye ndiye hadhira pekee inayoniambia ukweli, lakini usiku nilijua vingine. Nyumba ya mimi na Tata peke yetu ni redio moja na mtu mmoja anayeiga redio. Na kulikuwa na hili pia: ndani ya kichwa cha yule mtoto kulikuwa na maneno ya Mama ambayo mimi ndiye niliyeyafukuza sebuleni. Akiondoka, yanaondoka naye.

Nikawaza kisomi. Kama hataki maneno yangu, nitampa yale yaliyoandikwa. Wiki ya pili ya likizo nilimwacha kwa jirani, nikakiweka kitabu kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda Bukoba.

Bibi wa Miembeni nilimkuta ghorofani dirishani, mdogo kuliko nilivyomtarajia, ameweka miguu juu ya mto. Nilikuwa nimeandaa Kiswahili cha adabu, lakini alinisalimia kwa Kihaya safi kuliko cha kwangu, kile cha wazee, na kunifanya nijikwae kwenye kuitikia. Nilimwambia mimi ni mtoto wa nani. Uso ukafunguka, akauliza mama hajambo? Ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyekuja kumwambia. Nikamwambia. Akavua miwani, akaishika mapajani muda mrefu, na kelele za fundi simu zikapanda kutoka chini, mlio mmoja ukijaribiwa na kujaribiwa.

Nilipompa kitabu alivaa miwani tena. Hakukifungua kama Mama. Alianzia upande wa pili, akaweka kidole kwenye jua.

"Hiki si kitabu cha kulala, beti," alisema. Beti kwao ni binti. "Hiki ni cha kuamsha."

Akanisomea. Jua linachomoza. Mtoto anapiga miayo, anajinyoosha, anaamka. Bibi anazima taa kwa kuwa kumekucha. Kuku anawatoa vifaranga nje. Ng'ombe anakamuliwa. Baba anakwenda kazini kwa baiskeli. Watoto wanafika shuleni, kengele inalia, mwisho. Kila picha ile ile, imegeuzwa tu. Kuku aliyekuwa anaingia kumbe anatoka. Miayo peke yake ndiyo haikubadilika, miayo haina upande.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia, "Kwa hiyo Bibi, Mama alikosea kweli. Miaka yote alikuwa anamlaza mtoto kwa kitabu cha kumwamsha."

Bibi alinitazama. Nikaujua ule utazamaji, nikajua pia Mama aliujifunzia wapi, au labda bibi ndiye aliyejifunza kwa Mama.

"Nani alikosea?" akauliza. "Mama yako nilimwonyesha mimi mwenyewe, wiki ya kwanza. Nikamwambia, anzia huku. Akasema najua, lakini asubuhi watoto wanaamka wenyewe."

Halafu akaniuliza nimesoma mpaka darasa gani. Nikasema kidato cha tatu. Akasema, "Mm." Nimeshapigwa fimbo nyingi shuleni, na zote kwa pamoja hazifikii ile mm.

Nilimwambia basi shida yangu: mtoto halali, anasema sivyo, na mimi sijui Mama alikuwa anasemaje. Bibi akasema si mambo mengi. Alikuwa anayasikia kila jioni kutoka chumba cha pili, wajukuu wake wakiwa bado hapa. Akakigeuza kitabu, akakishika kama tunavyokishika sisi, na akayasema kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa.

Watoto wamerudi, wafungie mlango. Hapo mtoto anaweka kiganja juu ya picha, ndiyo mlango huo. Baba amerudi, mfungie mlango. Ng'ombe amerudi, mfungie. Kuku amerudi na wanawe wote, wafungie. Hivyo hivyo mpaka kwenye jua: jua nalo limerudi kwao. Halafu, alisema bibi, hapo ndipo Mama alikuwa anakifunga kitabu na kuuliza, "Nani bado hajarudi?" Na watoto wanataja watu wote wa nyumba, mmoja mmoja, huyu yupo, huyu yupo, na mwisho wanasema, "Hakuna, wote wapo." Wakishasema hivyo wanalala.

Aliniambia mjukuu wake mmoja, mwanaume mzima sasa, alipiga simu kutoka Kanada kumuuliza yaya alikuwa anawauliza nini jioni. Alikuwa amelisahau swali, anakumbuka jibu. Bibi alinirudishia kitabu. "Mimi siku hizi najiuliza mwenyewe hapa dirishani," alisema. "Jibu langu limekuwa refu."

Njia nzima ya kurudi niliyarudia maneno yale midomo ikicheza, abiria mwenzangu akidhani nasali. Nilikuwa na furaha. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu. Nilijiona kama mtu aliyeiba majibu ya mtihani.

Jioni ile kuku walifungiwa, Tata alikuwa nje na redio yake, na mimi nikakaa kitandani na mdogo wangu. Sikufanya utani hata mmoja. Nikafungua upande wa Mama, nikasema kwa Kihaya, kwa kunong'ona, watoto wamerudi, wafungie mlango.

Aligeuka akanitazama kama nimetoa kitu chake mfukoni mwangu. Kisha mkono ukaenda wenyewe, kiganja kikakaa juu ya wale watoto wawili na mabegi yao. Baba amerudi. Kiganja. Ng'ombe, kuku, bibi na taa yake. Kwenye ukurasa wa miayo akapiga miayo, na macho yake yakaanza kuwa mazito, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafika Kagoma kumwambia mama mdogo abaki na wanawake wake watatu. Jua nalo limerudi kwao. Nikafunga kitabu.

"Nani bado hajarudi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mbuzi yupo. Kuku wapo. Tata yupo. Dada yupo. Akafika kwenye kidole gumba, akakishika, na usingizi wote ukamtoka usoni. Niliuona kwa macho yangu, ukitoka.

"Mama," akasema.

Akashuka kitandani, akaenda mlangoni pekupeku, akavuta komeo. Alikuwa hafikii vizuri, akawa anaruka. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema mlango usifungwe, Mama hajarudi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amekosa maneno. Alikuwa zamu. Nyumbani kwetu Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kulala, hafungi komeo mpaka ahakikishe kila mwenye pumzi yupo ndani, na mimi nikichelewa alikuwa anakaa kwenye kigoda gizani. Yeye hayupo, kazi ikachukuliwa na mtu wa miaka minne. Kila jioni mimi nikiigiza mwalimu wa nidhamu na kuku wa kwaya, yeye alikuwa anangojea mtu, na anashangaa kwamba ni yeye peke yake anayengojea.

Nilimrudisha kitandani. Nikamwambia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia kwa maneno yaliyonyooka: Mama amekufa, hatarudi, amezikwa Kagoma kwenye kibanja cha bibi, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Alifikiri. Akauliza kwa nini hayupo kwetu.

Nikatafuta utani. Nilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Kulikuwa na vibuyu vya rubisi ambavyo havikupelekwa, na kahawa ya mwakani, na Tata ameshika fremu ya mlango. Hakuna hata kimoja nilichoweza kukiweka mdomoni nikampa mtoto. Nikasema sijui.

"Basi twende tukafunge mlango wa huko," akasema.

Akakaa wima mpaka asubuhi. Na mimi nilikaa naye, mlango umeachwa wazi, mbu wakituhesabu.

Asubuhi nilimfuata Tata alikokuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikamwambia kila kitu, bibi wa Miembeni, swali, kidole gumba. Nikamwambia nadhani mtoto aende Kagoma. Aliendelea kugeuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuka.

"Na wewe umehamia upande wao," alisema.

Nikamwambia hakuna upande, kuna mtoto asiyelala. Lakini siku ya kuondoka nguo za mtoto nilizikuta zimeshafungwa kwenye mfuko wa salfeti, fundo juu ya fundo, fundo la mtu ambaye hataki kitu kifunguke. Tata alimbeba mdogo wangu mpaka kwenye pikipiki, akamweka mbele yangu, akarekebisha kofia yake. Kisha akaingia shambani kabla hatujawasha.

Kagoma tulipokelewa kwa vilio, maana wanawake wa kule wanalia hata ukileta chumvi. Mdogo wangu hakusalimia mtu. Akauliza wapi. Mama mdogo akamshika mkono, tukapita nyuma ya jiko, tukaingia kwenye migomba. Kaburi halikuwa limejengewa, lilikuwa tuta tu la udongo lililoanza kuota majani, na msalaba wa mbao wenye jina la Mama lililokosewa herufi moja. Alilizunguka. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo kama anavyofanya kwenye kitabu. Kisha akasimama, akaomba maji ya kunywa.

Jioni, kuku walipofungiwa na komeo likapita, nikamsomea. Watoto wamerudi, baba amerudi, ng'ombe, kuku. Bibi yangu mzaa mama na mama mdogo walisimama mlangoni mwa chumba, hawakujua kama waingie. Nani bado hajarudi? Akahesabu. Bibi yupo. Mama mdogo yupo. Dada yupo. Mama yupo, na akaonyesha ukutani, upande wa migomba.

"Tata," akasema mwishoni, "hajarudi." Lakini alikuwa ameshalala nusu. Alilala mdomo wazi, kidevu chenye kovu la nyuzi tatu juu ya mkono wangu, mpaka jua likawa kali. Mama mdogo aliingia mara mbili kuhakikisha anapumua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumatatu shule. Kabla ya kuondoka nilichukua penseli nikaandika maneno chini ya kila picha, kwa Kihaya, kuanzia upande wa Mama, ili mama mdogo asikosee. Mwisho, chini ya jua, nikaandika swali. Jibu sikuliandika. Mdogo wangu alikuwa anacheza na watoto wenzake uani na hakuniona nikitoka, au aliniona.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Mama mdogo hupiga simu siku za Ijumaa. Anasema mtoto amenenepa, anasema analala kama gogo, anasema kuna maneno yangu mawili amenisahihisha. Ijumaa iliyopita nilimuuliza siku hizi akifika kwenye swali anajibu nini. Akasema, anajibu Dada na Tata. Dada na Tata bado hawajarudi.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu analala."

Tata alikuwa mlangoni na redio, sauti imeshushwa. Hajawahi kukanyaga Kagoma tangu gari lile liondoke na Mama, na hakuna anayemtaja mtu wa Kagoma mbele yake. Nilipokata simu aliniuliza mtoto anasemaje, nikamwambia. Mbuzi alilia mara moja bandani. Nilikuwa na utani tayari, mzuri, kuhusu mgombea na barabara zake, nikauacha.

"Alisema na mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo, na wewe.

Akazima redio. Akasimama, akaenda kufunga kuku, nikamsikia huko gizani akiwahesabu kwa sauti, halafu akianza upya.